Mabegi Huingia Humu Mgongoni Tu

Begi lenyewe ni la kijani, lina kilo saba na nusu, na kutoka mji wa León hadi mlimani halikukaa mgongoni mwangu ila hatua mia mbili. Nayasema haya mapema ili asije mtu akajifanya kagundua siri. Mimi Belarmina, mjane wa Ovidio, mwenye miaka sabini na mmoja, nilitembea siku tano kwenye njia ya mahujaji, kwa miguu yangu na fimbo yangu, na begi langu likapanda gari la Fermina. Mwenye kununa anune.

Utaratibu wake ni mwepesi. Jioni unaandika bahasha: jina lako, namba ya simu, mahali utakapolala kesho. Unatia nauli ya begi ndani, unaifunga bahasha kwenye mkanda, na kabla ya saa mbili asubuhi unaliacha begi mlangoni. Fermina anapita na gari lake jeupe, anachukua hela, bahasha anaiacha ikining'inia ili huko mbele wajue begi ni la nani. Ukifika mchana, miguu inawaka moto, unalikuta begi limekaa ukumbini linakungoja. Raha iliyoje! Sitaomba radhi kwa raha hiyo.

Daktari wa Ponferrada alinionyesha picha ya uti wangu wa mgongo. Pingili mbili zimesagika. Akaniambia, "Mama, zaidi ya kilo tatu usibebe, hata kama ni mjukuu." Nikamjibu mjukuu sina, lakini begi ninalo. Akacheka. Mimi sikucheka, maana nilijua zilisagikia wapi.

Sasa nije kwa shemeji yangu Leoncio, mdogo wake Ovidio. Kaka mtu alishuka mgodini miaka thelathini na mmoja. Mdogo mtu alikuwa karani wa ofisi ya mgodi, shati jeupe, kalamu mfukoni, chini hakushuka hata kuchungulia. Simlaumu kwa hilo. Ila alipostaafu alianza kuhiji kwa miguu kwenda Santiago, kwenye kaburi la mtume, akaenda mara kumi na moja, begi mgongoni, na kila akirudi anapima lile begi kwenye mzani wa duka la nyama watu waone. Kuanzia Mei mpaka Septemba yeye ndiye msimamizi wa hosteli ya mahujaji ya chama chetu, katika kijiji cha mwisho kabla ya Msalaba wa Chuma. Juu ya mlango amechoma maneno kwenye ubao kwa mkono wake mwenyewe: MABEGI HUINGIA HUMU MGONGONI TU. Ukija umetanguliza begi kwa gari, kitanda hupati. Na muhuri kwenye kijitabu chako cha hija anakugongea huku amekukunjia uso.

Ningemwacha na ubao wake. Lakini alikuwa na kitu changu.

Siku ya mwisho ya kazi, Ovidio alitoka mgodini na donge la makaa ya mawe ndani ya kopo lake la chakula, kiasi cha ngumi. Wakati ule vumbi lilikuwa limeshamjaa mapafuni, na tulijua. Akaniambia, "Bela, kila hujaji huacha jiwe la kwao pale msalabani. Mimi la kwetu ndilo hili. Nikifa, lipeleke kwa miguu." Alipokufa, siku ya maziko, nyumba imejaa watu, Leoncio akalichukua lile donge mezani akasema atanitunzia. Alinitunzia kweli! Miaka tisa. Akalitia kwenye kisanduku cha kioo juu ya meza ya muhuri, na kikadi chini: "Kaka yangu, mchimba makaa." Wageni wanapiga picha.

Nilimdai kila mwaka. Mara ya mwisho ilikuwa sikukuu ya Santa Bárbara, mlinzi wa wachimbaji, Desemba iliyopita, baa imejaa wachimbaji wastaafu wanakohoa na kuimba. Leoncio akainua glasi.

"Shemeji, donge lako lipo, halijaliwa na panya. Njoo kama hujaji, begi mgongoni, nitakupa kwa mikono yangu miwili. Ukija na gari utalitazama tu kama mtalii."

Watu wakacheka. Nikahisi uso unanichoma.

"Juni," nikasema.

"Juni gani, shemeji?"

"Hii inayokuja. Na ufue mashuka, maana nasikia kwako yananuka soksi."

Hapo wakamcheka yeye, lakini ahadi ilikuwa imeshanitoka.

Basi Juni nikatoka. Siku nne za kwanza sina la kuwasimulia ila maji, mkate, malengelenge na vijana wanaonipita wakisema "Njia njema" kisha wanageuka kutazama mgongo wangu mtupu. Nami niliwatazama wao, wamepinda kama waliobeba friji. Huko Astorga nilikula nyama kwanza, supu mwisho, kama wanavyokula pale, nikalala fofofo.

Asubuhi ya siku ya tano Fermina alinikuta nimekaa kwenye ngazi na begi.

"Mama Bela, leo ni kwa Leoncio. Nikishusha begi pale atanitoa roho. Mwaka jana alilitupa moja barabarani, soksi zote nje."

"Basi lishuke wapi? Bila begi hanipi kitu."

Fermina ni binti wa mchimba makaa, ananielewa bila maelezo mengi. Akawasha sigara akafikiri. "Lishuke baa ya Tomasa, mwanzo wa kijiji. Toka pale mpaka hostelini ni hatua mia mbili. Unalitia mgongoni, unaingia unahema kidogo, basi. Unadhani hao anaowasifu wote wanabeba? Nusu yao nawashushia hapo hapo kwa Tomasa."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikaandika bahasha: baa ya Tomasa. Nakwambieni wazi, kosa langu ndilo hilo, na ndilo pekee. Kutuma begi hakukuwa kosa. Kosa ni kukubali kuigiza.

Saa tisa alasiri nilikuwa kwa Tomasa. Akanisaidia kupitisha mikono kwenye mikanda, akasema, "Mungu wangu, Bela, umekuwa mweupe kama unga." Nikamwambia anyamaze asije akanichekesha. Nikatoka. Mia mbili si nyingi, lakini zihesabu huku kisu kinazunguka kiunoni. Ya themanini niliushika ukuta. Ya mia na hamsini nilimtukana Leoncio kwa sauti, bibi mmoja akafunga dirisha.

Niliingia. Mahujaji kama arobaini walikuwa uani na ukumbini, wengine wameloweka miguu kwenye beseni, wengine wanaanika nguo. Leoncio alikuwa mezani na muhuri wake. Aliponiona alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Shemeji!" Akanijia. "Shemeji, umekuja nalo!"

Akanibusu mashavu yote mawili. Akawageukia watu. "Jamani, tazameni! Huyu ni mke wa kaka yangu. Miaka sabini na mmoja, na mgongo mbovu! Nyie vijana mnaoniuliza kama kuna gari la mabegi, mtazameni huyu mkaone haya!" Wakanipigia makofi. Nilitamani sakafu inimeze. Yeye akashusha kile kisanduku, akafungua kioo, akalitoa donge. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, nasema kweli, sikudhani nitakuja kusema hivyo juu ya Leoncio.

"Ngoja kwanza nikutue mzigo," akasema.

Akazunguka nyuma yangu. Akashika mkanda. Kisha vidole vyake vikakuta karatasi, nikajua kabla sijageuka. Bahasha! Na Tomasa, na mimi, na Fermina, sote watatu akili zetu timamu, hakuna aliyekumbuka kuikata bahasha.

Aliisoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma majina ya waliofeli. "Belarmina Prieto. Kushusha: baa ya Tomasa."

Kijana mmoja mwenye kofia akapasuka kicheko. "Kumbe bibi kapanda teksi!" Wengine wakafuata, wengine wakatazama miguu yao.

Leoncio akalirudisha donge ndani ya kioo. "Sitaki hata maelezo. Kitanda hakuna. Umenidanganya mbele ya watu, umeidanganya Njia. Ovidio angekuona leo angeona aibu."

Angesema lolote lingine. Angeniita mwongo, ningeinama, maana nilikuwa mwongo. Lakini hilo!

Nikalivua begi nikaliacha lianguke katikati ya ukumbi, puu, na beseni moja likamwagika.

"Aibu?" nikasema. "Wewe karani, usinifundishe aibu ya mume wangu. Unakumbuka tunakaa ghorofa ya ngapi?"

"Haya yanahusiana nini na..."

"Ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Lifti ipo?"

Akainama kuokota kiti chake.

"Ngazi arobaini na nane, Leoncio. Siku za hospitali lilikuja gari la wagonjwa, vijana wakambeba. Sawa. Lakini jua je? Nani anaita gari la wagonjwa ili mtu akaote jua? Miaka thelathini na mmoja alikaa gizani, na alipotoka kitu alichokitaka ni kimoja tu, kukaa kwenye benchi na kuona jua. Basi kila siku isiyo na mvua nilimtia mgongoni. Kilo hamsini na mbili, ndizo alizobakiwa nazo. Namshusha, napanda kuchukua mtungi wake wa hewa, nashuka nao. Jioni namrudisha juu. Miaka sita! Pingili zangu zimesagikia pale, kwenye zile ngazi. Mimi kubeba nimeshabeba. Nimemaliza. Nyie mnaocheka, mkifika Santiago mtavua mabegi yenu mkapige picha. Mimi wa kwangu nilimvua jeneza lilipokuja."

Yule wa kofia aliivua. Sikumwambia aivue.

"Hakuniambia," Leoncio akasema. Uso ulikuwa umemshuka. "Sikuja, nilikuwa nampigia simu tu. Kila nikipiga ananiambia hajambo, katoka nje kuota jua."

"Na wewe ukadhani anashuka kwa miguu yake! Aliona aibu, ndiyo. Alikuonea aibu wewe, na begi lako la kupima buchani."

Nikaenda mezani nikafungua kile kioo. Leoncio akaunyoosha mkono, kisha akaurudisha. Nikalichukua donge langu. Kikadi chake nikamwachia.

"Shemeji, jioni inakuja," akasema nyuma yangu nilipofika mlangoni, na sauti yake ilikuwa inatafuta pa kushika. "Utaenda wapi? Na begi! Begi lisilo na mtu halikai humu, ni kanuni!"

"Basi litoe."

Kutoka kijijini hadi msalabani ni kilomita mbili, kupanda. Nilikwenda kwa hasira, na hasira ina miguu mizuri kuliko sala. Vichaka pande zote vilikuwa vimechanua njano na zambarau, na mimi donge nimelikumbatia kifuani, blauzi yote imekuwa nyeusi. Sikujali. Nguo za Ovidio nilizifua miaka thelathini na mmoja, nitashindwa na blauzi?

Pale juu hapana kitu kikubwa. Ni rundo la mawe, mlingoti mrefu, na msalaba mdogo wa chuma juu kabisa. Kulikuwa na wawili watatu wanapiga picha. Waliponiona nilivyo wakasogea. Rundo lile lina mawe yanayoteleza, nikalipanda kwa mikono na magoti. Nikatafuta mahali ambapo kivuli cha mlingoti hakifiki. Nikaliweka hapo, upande wake unaong'aa ukaelekea magharibi.

"Haya, ota," nikamwambia. "Ota jua, Ovidio wangu. Leo hakuna wa kukurudisha juu."

Nililia, ndiyo, tena kwa sauti, mpaka wale wa picha wakaondoka. Miaka tisa nilikuwa sijalia hivyo, nilikuwa na kazi ya kumdai Leoncio.

Nilikuwa nimeketi chini ya rundo, najifuta, niliposikia mtu anatweta. Alikuwa Leoncio, anakuja akipinda njia, mkono kiunoni, begi langu la kijani mgongoni. Nadhani aliondoka hostelini akiwa amekusudia kunitupia. Kilomita mbili za kupanda zina muda mwingi wa kufikiri. Alisimama mbele yangu asijue alitue au asilitue.

"Benchi lipi?" akauliza.

"Lile la mbele ya duka la mikate."

"Mimi hupita pale." Akafuta jasho usoni. "Nikienda kupanda basi. Kila Aprili."

"Alikuona. Mara mbili. Alikujua kwa begi, ukiwa bado mbali. Akaniomba nimgeuze atazame ukuta mpaka upite."

Leoncio alipanda lile rundo na begi mgongoni, anateleza, anajishika, mtu wa miaka sitini na tisa. Akalitafuta donge akaliona. Nilidhani ataligusa, na nilikuwa tayari kumpigia kelele. Hakuligusa. Alisimama tu kando, akahama hatua moja kwa sababu kivuli chake kilikuwa kimeliangukia. Mabega yalikuwa yanamcheza. Mimi nikatazama barabara, maana hilo lilikuwa lao wawili.

Aliposhuka macho yake yalikuwa mekundu. "Twende," akasema. "Supu itapoa."

"Na begi?"

"Nimelikamata."

"Kilo saba na nusu hizo."

"Naijua hesabu yake, shemeji. Naisikia." Akatembea hatua kadhaa. "Umetia nini humu?"

"Dawa. Na kitambaa cha kufungia mgongo. Na chupa ya orujo, ile pombe kali ya zabibu, ya kukupa wewe ukinipa donge langu kwa ustaarabu."

"Basi nimeshaikosa."

"Tutaona."

Tukashuka bila haraka. Sikumwonea huruma, sitaki kuwadanganya. Kila aliposimama kupumua nilisimama nikamngoja, fimbo yangu mkononi, mgongo wangu mwepesi, upepo unapita. Mara mbili alisema pole. Mara ya kwanza nilijifanya sikusikia. Ya pili nikamwambia nimesikia.

Tulipofika hostelini wote walikuwa nje, kwenye viti, kwenye ngazi, wengine na sahani mapajani. Yule wa kofia alisimama kunipisha. Leoncio alifika mbele ya mlango akasita, akaanza kulegeza mikanda ili alitue begi pale kizingitini.

"Usilitue," nikasema. "Ingia nalo."

"Shemeji, watu wanatazama. Kanuni niliiandika mwenyewe. Nimewafukuza watu kwa kanuni hiyo."

"Isome."

"Unaijua."

"Nataka waisikie."

Akainua uso kwenye ubao wake. Akasoma, na sauti yake ya karani haikuwepo: "Mabegi huingia humu mgongoni tu."

"Mgongo wa nani?"

Akautazama tena ule ubao, herufi moja moja, kana kwamba ameuchoma mtu mwingine. Jasho lilikuwa linamdondoka puani.

"Haijasema," akajibu.

Akaikaza ile mikanda, akainama, maana mlango ule ni mfupi, akaingia nalo mpaka kwenye kitanda changu. Bahasha ilikuwa bado inaning'inia.